Anti wa Safari: "Naona majani tu, hao ndege wako wapi?"

Wapendwa, toleo lililopita niliwasimulia zile siku zangu 6 pale iSimangaliso, hifadhi ya maziwa, misitu na matuta ya mchanga kwenye pwani ya kaskazini ya KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini, na sikutegemea maswali yote haya manake nilidhani sisi watu wa kutazama ndege tuko wachache, kumbe mmejificha tu. Nimechagua barua 6, nyingine nimezikata mnisamehe. Kwa ambao hawakusoma: hifadhi yenyewe ni hekta kama 332,000, mwaka 1999 iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, aina za ndege walioorodheshwa zinapita 500, na jina lake kwa Kizulu ni kitu cha ajabu, muujiza. Iko nyuzi 28 hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo ni nje kidogo ya tropiki, joto lipo la kutosha lakini na majira ya baridi nayo yapo, na hapo ndipo swali la kwanza linapoanzia.

Shikamoo Anti. Likizo zetu mimi na mume wangu zinakutana mara mbili tu kwa mwaka, mwezi wa 7 na mwezi wa 12. Tuna watoto wawili, miaka 8 na 11. Yule mdogo nimeshamwahidi ataona heroe, ziwa zima pinki kama kwenye picha. Twende lini? — Mama wa Wawili

Marahaba mama. Nianze na heroe kwa sababu hilo ndilo litakalokuletea kilio ndani ya gari. Usimwahidi. Ziwa la St Lucia ni pana sana ila kina chake wastani ni kama mita 1 tu, mtu mzima angesimama kichwa kikabaki nje sehemu kubwa (asijaribu, tutafika huko kwenye mamba), sasa ziwa la kina hicho mvua ikikosekana linabadilika lote, chumvi inapanda, matope yanatokea, na mvua ikija linajaa maji baridi mambo yanageuka tena. Mlango wake wa kuingilia baharini nao huzibwa na mchanga. Ulifunga mwaka 2002 wakati wa ukame, Machi 2007 mawimbi makubwa ya dhoruba yakaupasua, ukaziba tena baadae, na Januari 2021 wakaufungua kwa mashine. Heroe wao wanafuata maji ya chumvi yenye kina kifupi, yakiwepo wanakuja kwa maelfu, yasipokuwepo wanahama hawamuagi mtu. Mwari ni hivyo hivyo ila yeye anataka samaki. Kwa hiyo ile picha uliyoiona ni ya kweli kabisa, swali ni ya mwaka gani.

Sasa mwezi. Mi ningewapeleka watoto mwezi wa 7 bila kufikiri mara mbili. Huo ni wakati wa kiangazi chao cha baridi, mvua hakuna au kidogo sana, majani yamekauka yamelala, wanyama wote wanasogea kwenye maji yaliyobaki. Kule uMkhuze, ambako ni sehemu ya ndani ya hifadhi hiyo hiyo, kuna kibanda cha mbao kinaitwa kuMasinga kimejengwa pembeni ya dimbwi, mnaingia mnakaa kimya kwenye benchi na mnachungulia kupitia uwazi, na saa 3 mpaka saa 5 asubuhi inakuwa kama stendi ya basi: ngiri, pundamilia, nyala (swala mmoja mzuri sana dume lake lina manyoya marefu na mistari, la kwetu la karibu ni tandala na pongo), wakati mwingine kifaru. Njiwa wanashuka kwa makundi, kipanga akipita wote wanaruka kwa mpigo mmoja mpaka unashtuka. Mtoto wa miaka 8 anaweza kukaa pale saa nzima hajauliza simu, nimeona kwa macho yangu. Juu ya hilo mbu ni wachache, na kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 11 nyangumi wanapita baharini, pale Cape Vidal ukikaa juu ya tuta na darubini unaona ule mvuke unaruka.

Mwezi wa 12 ni hadithi nyingine. Joto la unyevunyevu, shati linaganda mgongoni saa 2 asubuhi, mvua za radi mchana, watalii wa ndani wamejaa kwa sababu na wao wako likizo. Lakini ndege! Mbayuwayu wametoka Ulaya, keremkerem wamekuja, vitwitwi wametoka huko kaskazini mwa dunia, kekeo wanaita usiku na mchana, kwera wanasuka viota, na kweche dume amevaa nyekundu na nyeusi yake anajivuna juu ya matete. Huyo kweche ukija mwezi wa 7 utampita hujamjua, amegeuka kahawia kama shomoro wa dukani. Na usiku kasa wanapanda ufukweni kutaga, kasa ngozi yule mkubwa kuliko wote na mwenzake mwenye kichwa kikubwa, kuanzia Novemba mpaka mwanzoni mwa mwaka, na wamekuwa wakilindwa na kuhesabiwa pale tangu 1963. Kuwaona ni kwa ziara ya usiku na waongozaji wenye kibali, tochi nyeupe hapana.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi Anti wenu ningechagua upi, ningechagua Novemba na kuoga mara 3 kwa siku. Ila mi sina watoto wa kubeba. Wewe nenda mwezi wa 7, beba masweta ya kweli sio ya urembo kwa sababu gari la wazi saa 12 asubuhi linauma mpaka masikio, na kwa heroe mwambie mtoto "tukibahatika".

Kitu kimoja cha saa kabla sijasahau. Miezi ya joto geti hufunguliwa saa 11 alfajiri, miezi ya baridi saa 12. Sasa wifi yangu ndie alikuwa wa kwanza kusoma kibao, akaandika kwenye grupu la familia "geti ni saa 5", na sisi kwa Kiswahili chetu tukalala, tukanywa chai, tukafika jua la utosini ndege wote wameshaingia vivulini. Siku nzima ilienda. Na kumbuka wao wako nyuma yetu saa 1.

Anti mambo? Nimesikia pale mji wa St Lucia viboko wanatembea barabarani usiku kama mbuzi. Ni kweli au ni chumvi za watalii? Na hao mamba je? Natamani kwenda ila nina woga. — Mwoga Msema Kweli

Poa mdogo wangu. Ni kweli. Mji umekaa katikati ya mlango wa ziwa na msitu, na kiboko jioni anatoka majini kwenda kula nyasi, anakula kilo kama 40 kwa usiku mmoja, na nyasi za bustani za watu zimenyeshewa zimenona, sasa wewe ungekuwa kiboko ungeenda wapi? Kuna mpaka alama za barabarani za kuonya. Mi nilimuona mmoja kutoka kwenye baraza la nyumba ya wageni, anatafuna majani mbele ya gari la mtu, sauti yake ya kung'oa nyasi unaisikia kabisa, krr, krr, alafu akavuka barabara pole pole kama mama anayetoka sokoni.

Huo upole usikudanganye. Anakimbia kilomita kama 30 kwa saa, wewe hukimbii hivyo hata ukifukuzwa na mwenye deni. Sheria ni chache: giza likiingia usitembee kwa miguu hata kama hoteli ni mita 200, panda gari. Ukimkuta usimmulike usoni, usisogee upige selfi, na kubwa kuliko yote usisimame kati yake na maji, kwa sababu maji ndio nyumbani kwake na ukiwa katikati anakuona wewe ndie mlango uliofungwa. Akipiga miayo kwenye maji wakati boti liko karibu sio usingizi huo, anawaonyesha meno. Sisi boti letu la kwanza nahodha alisogea mpaka kundi zima likazama kwa hasira, abiria wanashangilia, mi nimeshika chuma mikono imekufa ganzi. Boti la pili, siku nyingine, yule kijana alizima injini mbali akatuacha tuelee, na viboko wale wale wakaendelea na mambo yao, kitoto chao kimepanda mgongoni kwa mama yake. Chagua boti la pili. Utalijuaje? Uliza kabla ya kulipa kama wanazima injini.

Mamba wapo wengi na kwenye ule mlango wa ziwa kuna na papa pia, kwa hiyo kuogelea pale hakuna, na usikae ukingoni unachezesha miguu. Bahari ya Cape Vidal watu wanaogelea. Malaria kwa upande ule wa kaskazini ipo kidogo, hasa miezi ya mvua, kaongee na daktari kabla ya safari, na kadi ya homa ya manjano beba, hasa ukitokea Kenya.

Alafu nikuchekeshe kidogo woga upungue. Lugha zetu ni ndugu: ndovu kwao ni indlovu, nyati ni inyathi, nyoka ni inyoka, mpaka unajiona unakielewa Kizulu bila kufundishwa. Sasa tuko msituni muongozaji akasimama ghafla akanong'ona "imamba!" Waswahili wote tukageuka kuangalia kwenye maji. Mwenzetu anaonyesha juu ya mti. Imamba kwao ni yule nyoka. Mamba wetu wao wanamuita ingwenya. Nakuambia bora nilivyojifunza siku ile nikiwa nyuma ya mtu.

Habari Anti. Nimeshaenda hifadhi tatu tofauti na kila mara naona majani tu. Wenzangu wanasema "yule pale, yule pale," nikiinua darubini ameshaondoka. Narudi nyumbani nimeona kunguru. Nina tatizo la macho au ni mkosi? — Jicho Bovu

Salama kaka. Huna mkosi na macho yako ni mazima, unatembea sana. Hilo ndio tatizo la watu karibu wote walioandika mwezi huu na nitalijibu kwa urefu.

Mtu akilipa kiingilio anaona lazima azunguke hifadhi nzima ili hela irudi. Anatembea, viatu vinakwaruza, anaongea, anavuka vichaka, na mbele yake kama mita 30 kila kiumbe kinanyamaza na kuhama. Anaona majani. Ndege hatafutwi kwa miguu bana, unachagua mahali pazuri unakaa anakuja mwenyewe. Na mahali pazuri ni pale vitu viwili vinapokutana: msitu na uwanja wa nyasi, matete na maji ya wazi, au mti mmoja wenye matunda yaliyoiva. Huko uMkhuze kuna msitu wa mikuyu, unaingia na muongozaji mnapita juu ya madaraja ya kuning'inia, mkuyu mmoja ukiwa umezaa ni kama harusi: hondohondo wanapiga kelele, njiwa wa kijani, shorobo wanakimbia kwenye matawi kama panya, kima wanatafuna na kutupa, na chini kabisa kororo (yule kanga mwenye nywele za kukunja kichwani) wanaokota yale yanayodondoshwa na kima. Ukijua hilo, ukisikia kima juu unaangalia chini. Ukiwa unatembea hutajua.

Sasa ukikaa, dakika 10 za kwanza hutaona kitu, kubali. Msitu unakusubiri wewe utulie. Baada ya hapo anza kuangalia kwa macho matupu sio kwa darubini, manake darubini inakuonyesha kipande kidogo sana cha dunia na ukitafuta nayo ni sawa na kutafuta sindano kwa kutumia mrija. Tazama pana, tafuta kinachotikisika. Jani moja likitikisika na mengine yametulia, pana mtu pale. Sasa hapa ndipo unapoharibu: ukimuona unashusha macho kutafuta darubini, unainua, umempoteza. Usishushe macho. Mkazie ndege macho, shingo isigeuke, alafu leta darubini kwenye macho. Jizoeze nyumbani kwa kofia ya chupa juu ya ukuta, siku mbili tu mkono unajua njia wenyewe.

Na ukishampata usiseme rangi kwanza. Rangi inadanganya, kivulini kila ndege ni mweusi. Angalia ukubwa, umbo la mdomo, na anafanya nini. Huyu anaelea hewani papo kwa papo juu ya maji kisha anaporomoka kama jiwe: mdiria, yule mweusi na mweupe. Huyu amekaa juu ya gogo mabawa ameyatandaza kama nguo kwenye kamba: mnandi au mbizi, manyoya yao yanalowa ndio maana wanaanika. Huyu ana vidole virefu mno anatembea juu ya majani ya yungiyungi hazami: jakana, na yule unaemuona na vifaranga ni baba, mama ameshaenda kutafuta mume mwingine (sisemi kitu). Ukishajua kazi ya ndege, jina linafuata.

Siku moja nilikaa kwenye ile njia ya msituni pale pale pembeni ya mji wa St Lucia inaitwa iGwalagwala, ambalo ni jina la Kizulu la shorobo. Nusu saa kimya kabisa nikaanza kujilaumu. Alafu likaja kundi la mchanganyiko, wadogo wa aina sijui 7 au 8 wanapita pamoja wanakula wadudu, mmoja juu mmoja chini, dakika 4 nzima kila tawi linatembea, wakapita, kimya tena. Hivyo ndivyo msitu ulivyo, hakuna kitu hakuna kitu kisha vyote kwa pamoja. Aliyekuwa anatembea asingekutana nao ila kwa bahati. Na shorobo mwenyewe alikuja mwisho, amekaa kijani tupu huoni kitu cha ajabu, akaruka na mabawa yakafunguka mekundu kama damu. Ule wekundu una madini ya shaba ndani yake, rangi ya aina hiyo ndege wengine hawana.

Ukiwa kwenye gari ni vile vile, zima injini. Gari ni kibanda kizuri tu, wanyama wameshalizoea, wewe ukishuka ndio wanaona mtu. Na pale ruhusa ya kushuka ipo sehemu zilizowekwa alama tu.

Binti yangu, mimi ni mstaafu, magoti yamechoka. Mwanangu anataka kuninunulia kamera kubwa ya lenzi ndefu niende nayo. Nimwambie sawa? — Mzee wa Benchi

Shikamoo mzee wangu. Mwambie asante, ila akununulie darubini kwanza. Ile lenzi ni nzito, shingo itauma siku ya kwanza na siku ya pili itabaki hotelini. Zaidi ya hapo mtu wa kamera haangalii ndege, anaangalia mashine, anarudi na picha 2,000 na hajui aliona nini.

Darubini imeandikwa namba mbili. Chukua 8x42. Hiyo 8 ni mara ngapi inavuta, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu wanakimbilia 10 au 12 wakidhani kubwa ndio bora, lakini mkono ukitetemeka kidogo, na mikono yetu inatetemeka, 12 inatetemeka nayo mara 12. Alafu gawa 42 kwa 8 unapata 5 na ushee, hicho ndicho kipenyo cha mwanga unaoingia jichoni, kinatosha hata alfajiri msituni. Ile ndogo ya mfukoni ya 8x21 inakupa 2 na nusu, saa 12 asubuhi utaona giza lililokuzwa. Kama unavaa miwani hakikisha vile vikombe vya machoni vinazungushwa kushuka chini.

Kuhusu magoti, hii hifadhi ni kama imetengenezwa kwa ajili yako. Upande wa mashariki unaendesha kutoka mjini mpaka Cape Vidal kama kilomita 35, na unasimama njiani. Upande wa magharibi kuna daraja la mbao la uMthoma, linapanda taratibu hakuna ngazi za kukimbia, unafika juu usawa wa vilele vya miti. Na vibanda vya uMkhuze ni vya kukaa tu. Tena mzee aliyezoea benchi ananishinda mimi, wewe utaona wengi.

Anti, tulipokuwa huko kulikuwa na gari la watu wanne wana kaspika wanapiga sauti ya ndege ili ndege mwenyewe atoke. Alitoka kweli na wote tukamuona. Sasa mume wangu anasema ule ni ushirikina wa kizungu, mimi nikaona poa tu. Nani yuko sahihi? — Wa Viti vya Nyuma

Mume wako hajapatia sababu ila kapatia jibu, mpe mkono. Ndege dume akisikia sauti ya dume mwingine kwake anajua ameingiliwa. Anaacha kula, anaacha vifaranga, anakuja kupigana na mtu asiyekuwepo. Anazunguka, haoni adui, sauti bado inaita. Nyie mnapiga picha mnasema amependeza, kumbe amepaniki. Mara moja pengine hafi, lakini kwenye njia inayopita magari 20 kwa siku kila mtu na kaspika kake, huyo ndege atapumzika lini? Msimu wa kutaga ndio mbaya zaidi.

App za simu mi natumia, ile ya kutambua ndege inayoitwa Merlin ni ya bure, unapakua paketi ya eneo kabla ya kuondoka usije kutegemea bando porini, ila natumia kwa sikio langu, spikea chini kabisa, ndani ya gari, kufananisha nilichokisikia. Huko nje wacha waimbe wao.

Kwa nini mnatangaza Afrika Kusini wakati kwetu tumejaaliwa mbuga zote hizi? Furukombe si ni yule yule? — Mzalendo

Furukombe ni yule yule, analia vile vile anarudisha kichwa nyuma, na mi nikimsikia kule machozi yananilenga kwa sababu ni kama kusikia sauti ya kijijini. Hujakosea. Ukiwa na nauli moja tu, zunguka kwako kwanza, siwezi kubishana.

Ila kuna jambo moja pale linanivutia ambalo kwetu hulioni hivyo. Kuna mkondo wa bahari ya joto unashuka kutoka kaskazini ukipita pembeni ya pwani ile, unaitwa Agulhas, unaipasha moto nchi ambayo kwa ramani ilitakiwa iwe baridi zaidi. Kwa hiyo wakazi wa tropiki wamefuata joto mpaka wakafika mwisho wa njia. Kule Kosi Bay karibu na mpaka wa Msumbiji kuna miwale (jamii ya michikichi), na juu yake yule tumbusi mweupe na mweusi anaekula nyama ya matunda yake badala ya mizoga, tumbusi wa mboga! Kwetu pwani yupo, lakini kwetu hashangazi, kule akifuata miwale kusini kidogo tu njia inamwishia. Mikoko vivyo hivyo, matumbawe vivyo hivyo pale Sodwana, ambako mwaka 2000 wapiga mbizi walimkuta silakanti hai ndani ya korongo la baharini, yule samaki ambaye wavuvi wa Komoro walimjua muda mrefu na wasomi walidhani alishatoweka zamani za kale kabisa. Na baadhi ya wanyama wamerudishwa baada ya kuisha, tembo 2001 upande wa mashariki na simba 2013 kule uMkhuze. Hiyo habari ya kurudisha kilichoisha ningependa watu wetu wakaione, manake huko miaka ya 90 lile tuta la mashariki lilikuwa lichimbwe madini ya titani na serikali ikakataa mwaka 1996. Leo juu ya mchanga ule ule kuna swala aina ya tohe wamelala asubuhi na umande mgongoni.

Walioniuliza kuhusu kukodi gari Durban na kama barabara za uMkhuze za changarawe zinapitika kwa gari dogo: zinapitika kiangazi, pole pole, beba tairi la akiba lenye upepo. La kwetu halikuwa na upepo na lile duka la kukodi lilituambia limekaguliwa. Tulikaa saa 2 pembeni ya njia vioo vimefungwa tunasubiri msaada, ndio nikamuona funo, yule swala mdogo mwekundu niliyemkosa siku 4 zote, katoka kichakani akatutazama, akaendelea kula.